Viza Si Leseni

Asanteni. Mada niliyopewa ni ndefu, "Fundi na maisha ya ughaibuni", lakini wanaonijua wanajua nitaishia wapi. Wimbo wangu ni mmoja: viza si leseni. Nimeuimba mpaka watoto wangu wanauitikia.

Viza inakuingiza nchini. Leseni ndiyo inayokuruhusu kugusa waya. Ni ofisi mbili, fomu mbili, ada mbili, na hazisalimiani. Fundi anapata viza, anauza mpaka kitanda, anafika na kuambiwa: karibu sana, ila umeme wa huku hugusi peke yako mpaka ufaulu mtihani.

Namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. "Nina miaka ishirini kazini, wanifundishe nini?" Mzee wangu, nami nilisema hivyohivyo.

Nilijifunza kazi kwa rangi za zamani za Waingereza: nyekundu moto, yaani waya unaoleta umeme, nyeusi nyutro, yaani unaourudisha. Nikafika Kanada, nikaanza kama msaidizi. Wiki ya kwanza msimamizi akafungua boksi la ukutani. Ndani mna waya mweusi, mweupe, na mmoja wa shaba tupu. Mkono wangu ukaenda kwenye mweusi. Haukuniomba ruhusa, miaka yote ulishazoea kwamba mweusi hauna neno. Yule bwana akanidaka kiwiko, hakusema kitu, akagusisha testa. Taa ikawaka. Kule mweusi ndio wenye moto, mweupe ndio nyutro. Tena msinifariji kwamba ni volti 120 tu, si 230. Hizo 120 zinaua vizuri kabisa.

"Fundi hodari hupima kwanza!" Kweli. Basi ambaye hajawahi hata siku moja kugusa bila kupima anyooshe mkono. Haya, nilijua.

Siku hiyo nikaacha kuununia mtihani. Umeme naujua, mazoea ya mkono ndiyo yaliyotaka kuniua.

Sasa karatasi, maana muda unakimbia. Mpango wa uhamiaji wa Kanada kwa mafundi stadi, ulioanza 2013, unadai miaka miwili ya kazi ndani ya mitano iliyopita, yaani saa 3,120. Juu yake uwe na ahadi ya ajira ya mwaka mzima au cheti cha ufundi cha huko, na cheti hicho hakitoki uhamiaji. Saa hizo utazithibitishaje? Kwa barua. Nimesoma barua ya karakana isemayo "kijana huyu ni mtiifu na mcha Mungu". Amina, lakini alikuwa akifanya nini? Iandikwe kazi zenyewe, tarehe, saa za wiki, mshahara. Iombeni sasa, bosi angali hai na karakana i wazi.

Australia ni yaleyale: ukishatambuliwa ufundi wako, fundi umeme bado unafuata leseni jimboni. Ujerumani nilitaka kuieleza, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Anzeni Kijerumani leo, mengine tutaongea nje. Na wakala anayewauzia viza na leseni kwenye bahasha moja, mkimbieni.

Maswali. Mzee wa nyuma, anza wewe, najua hujaridhika.