Shamba Dogo la Matufaha katika Bonde la Hood River, 1900–1925

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Mkulima wa matunda huwa tunamfikiria kwanza wakati wa mavuno, akiwa juu ya ngazi na kikapu mkononi. Jioni hii nataka tumtazame katika miezi mingine yote, kwa maana hoja yangu ni kwamba shamba dogo la matufaha la mwanzoni mwa karne ya 20 liliendeshwa kwa kufuata matakwa ya mnunuzi aliyekuwa mbali sana, ambaye mkulima hakuwahi kumwona. Mfano wangu ni bonde la Hood River katika jimbo la Oregon, Marekani, linaloanzia kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Hood na kushuka hadi mto Columbia. Wenye mashamba wengi huko walikuwa na ekari 10 hadi 20 tu, na walilima kwa nguvu za familia na farasi wawili au watatu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuifyeka misitu. Miti mikubwa ya misonobari ilikatwa, kisha visiki vikang'olewa kwa farasi, kwa minyororo, na mara nyingi kwa baruti. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ngumu ilifanywa na wahamiaji kutoka Japani, na baadhi yao walilipwa kipande cha ardhi yenye visiki badala ya fedha taslimu, wakageuka wakulima kwa njia hiyo. Masuo Yasui, aliyefungua duka mjini Hood River pamoja na kaka yake mwaka 1908, alikuja kuwa mtu wa kutegemewa na Wajapani wenzake katika mambo ya mikataba na ununuzi wa mashamba.

Baada ya kupanda ilibidi kusubiri. Mtufaha wa aina za zamani ulichukua miaka mitano hadi saba kabla ya kuzaa cha maana, na hapa ndipo wengi waliokuja na fedha kidogo wakiwa wamesoma vipeperushi vya wauza ardhi walipokwama. Waliovuka walipanda stroberi katikati ya mistari ya miche, wakafuga ng'ombe wa maziwa na kuku. Kwa lugha ya siku hizi tungesema kwamba tufaha lilikuwa uwekezaji, na chakula cha nyumbani kilitoka kwingine. Mwanamke wa nyumba hiyo ndiye aliyekamua, aliyeuza mayai, na aliyehifadhi matunda ndani ya chupa za vioo kwa ajili ya majira ya baridi, ingawa jina lake halikuonekana kwenye hesabu za shamba.

Majira ya baridi yalikuwa ya kupogoa, yaani kukata matawi yaliyosongamana ili jua lifike katikati ya mti. Majira ya kuchipua yalileta kazi iliyochukiwa kuliko zote, kupulizia dawa. Adui mkuu alikuwa nondo ambaye kiwavi wake hutoboa tunda na kula kiini chake. Mara tu petali zinapodondoka, kitundu kilichopo kwenye kitako cha tunda changa hubaki wazi kwa siku chache kabla ya kujifunga, na viwavi wengi hupitia hapo. Kwa hiyo mkulima alilazimika kukijaza sumu ndani ya siku hizo chache, mvua inyeshe au isinyeshe. Sumu yenyewe ilikuwa arsenati ya risasi, yaani kemikali yenye aseniki na metali ya risasi, iliyovutwa kwa farasi ndani ya pipa na kusukumwa kwa pampu ya mkono, baadaye kwa injini ya petroli. Watu waliipuliza bila kinga yoyote, na udongo wa mashamba mengi ya zamani nchini Marekani una risasi na aseniki hadi leo.

Kisha ikaja kazi ambayo mgeni angeiona kuwa ni uharibifu: kuangusha kwa mkono matunda machanga, ili yatakayobaki yawe makubwa na ya umbo linalofanana. Hapa mnunuzi wa mbali anaanza kuonekana. Tufaha la Yellow Newtown, lililochumwa mwezi Oktoba na kuweza kukaa hadi majira ya kuchipua, lilipendwa sana Uingereza, na kabla ya Mfereji wa Panama kufunguliwa mwaka 1914, lilisafiri kwa treni kuvuka bara zima kabla ya kupakiwa melini.

Safari ya namna hiyo ilidai ufungashaji wa ustadi. Kila tufaha lilifungwa kwa karatasi nyembamba, ili likioza lisiambukize jirani yake. Yalipangwa kwa mshazari ndani ya sanduku la mbao lenye uzito wa takriban kilo 18, katikati pakiinuka kidogo, kisha kifuniko kikakandamizwa kwa mashine na kupigiliwa misumari kikiwa kimepinda. Ubavuni iliandikwa idadi ya matunda, na mnunuzi alijua ukubwa wa tufaha kwa namba hiyo bila kufungua chochote. Wapangaji, wengi wao wanawake, walilipwa kwa kila sanduku walilopanga. Nathubutu kusema kwamba bei nzuri ya bonde hilo ilitengenezwa na mikono yao kama ilivyotengenezwa na udongo.

Mkulima mmoja mmoja hakuwa na sauti mbele ya madalali, na mwaka 1913 vyama vya bondeni viliungana kuwa Apple Growers Association, ushirika uliofungasha na kuuza kwa pamoja.

Mwezi Desemba 1919 baridi isiyo ya kawaida iliua maelfu ya mitufaha. Waliokuwa na deni benki walipoteza mashamba. Waliobaki walipanda mipeasi, ambayo ilistahimili baridi hiyo vizuri zaidi. Wajapani walikumbana na pigo jingine mwaka 1923, pale sheria ya Oregon ilipowakataza wahamiaji wasioruhusiwa kuwa raia kumiliki ardhi. Baadhi yao waliandikisha mashamba kwa majina ya watoto wao waliozaliwa Marekani, wakaendelea kupogoa na kufungasha kama awali. Mazao makuu ya bonde hilo leo ni peasi.