Spai Ikiwekwa, Fanksheni Halisi Inaendeshwa au Haiendeshwi?

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Leo tuangalie istilahi za nyaraka za maktaba za majaribio, yaani zana za kujaribia programu, hasa neno spai: kitu kinachowekwa kwenye fanksheni ili kirekodi ilivyoitwa. Istilahi hizi zinawachosha sana wanaoanza, na wakati mwingine zinaleta hasara.

Chukueni mstari huu, unaoweka spai kwenye tuma, fanksheni ya kutuma malipo: spyOn(malipo, 'tuma'). Katika Jasmine, maktaba ya majaribio ya JavaScript, unaandikwa hivyo hivyo. Katika Jest, maktaba nyingine ya JavaScript, unatanguliza jest na nukta, basi. Matokeo yake sasa! Kwenye Jasmine, spai inakaa mahali pa fanksheni: tuma haiendeshwi kabisa, na anayeiita anapata undefined, yaani hapati thamani yoyote. Ukitaka ile halisi iendeshwe, lazima uongeze and.callThrough. Jest ni kinyume: spai inarekodi kwamba tuma imeitwa, kisha inaiacha ifanye kazi yake. Kwa hiyo ukihamisha majaribio kutoka Jasmine bila kugusa kitu, na tuma imeunganishwa na mtandao, ombi la malipo linaondoka kweli. Jaribio linaweza hata kufaulu, nawe usijue. Kuizuia, unaipa mockImplementation yenye fanksheni tupu.

Nyaraka za Jest zinaitaja tofauti hii waziwazi, na nazipongeza. Lakini anayedhani neno analijua hasomi maelezo, anakimbilia mfano. Onyo liwe ndani ya mfano wenyewe.

Mwaka 2007 Gerard Meszaros, mwandishi wa kitabu cha majaribio ya programu, alitenganisha aina tano za vibadala vya msimbo halisi: dami (inajaza nafasi tu), stabu (inatoa jibu lililopangwa), spai (inarekodi ilivyoitwa), moki (inakagua kama imeitwa ilivyotarajiwa) na feki (inafanya kazi kweli, ila kwa njia rahisi). Ni mgawanyo mzuri, ila maktaba nyingi hazikuufuata. Mock ya Python, iliyo ndani ya unittest.mock, inatoa jibu ulilolipanga kama stabu na papo hapo inakumbuka ilivyoitwa kama spai. Jina pekee halikuambii kitu.

Nawaomba mnaoandika miongozo, hasa ya Kiswahili: kabla ya fasili, mwambieni msomaji kama msimbo halisi unaendeshwa, anapata jibu gani asipopanga lolote, na nani anarudisha hali ya awali jaribio likiisha. Hilo la mwisho husahaulika mno. Jasmine huondoa spai yenyewe baada ya kila jaribio. Jest haiondoi mpaka uite restoreAllMocks au uwashe restoreMocks kwenye mipangilio, na spai iliyobaki huharibu jaribio linalofuata katika faili hilohilo. Fungueni kompyuta, tuanze na hilo.