Usiulize i Ngapi, Uliza Kizazi cha Ngapi
Mazungumzo na wenye steshenari, wahariri wa video na wanafunzi, Mwanjelwa, Mbeya

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za mchana. Nashukuru mmeziacha biashara zenu Jumamosi hii mkaja. Nimeombwa nizungumzie prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kompyuta ya mezani, ile ya bei ya kati, isiyomfilisi mtu wala kumtia aibu mbele ya mteja. Bei za shilingi sitazitaja. Bei niliyoiacha Kabwe asubuhi siyo nitakayoikuta jioni.

Mtu akiingia dukani, swali lake la kwanza ni "ni i ngapi?" Akijibiwa i7, anatabasamu, na hapo ndipo fedha yake inapoanza kupotea. Hizo i3, i5 na i7 za kampuni ya Intel ni madaraja ya ndani ya kizazi kimoja, hazipimi kizazi kimoja dhidi ya kingine. Chukua Core i7-4770 ya mwaka 2013: ina viini vinne, yaani wafanyakazi wanne ndani ya prosesa, na nyuzi nane, yaani kazi nane inazoweza kuzishika kwa pamoja. Core i3-12100 ilitoka mwanzoni mwa 2022, nayo ina viini vinne na nyuzi nane. Hiyo i3 inaiacha hiyo i7 mbali, kwa sababu kila kiini chake kinafanya kazi nyingi zaidi kwa sekunde ileile. Lakini tembea mitaani uone ipi inapewa heshima!

Kwa Intel, soma namba iliyo baada ya kistari. 12400 ni kizazi cha 12, 8500 ni cha 8, 4770 ni cha 4. Kwa AMD, mshindani wa Intel, Ryzen 5 5600 ni ya mfululizo wa 5000, ila nao wana ujanja wao: Ryzen 3 3200G imevaa jina la 3000 huku ndani ikiwa na muundo uleule wa Ryzen za 2000. Muuzaji hatakwambia hilo, na mara nyingi hata yeye halijui.

Sasa viini. Wengi mnadhani vikizidi, kila kitu kinakimbia. Kuvuna shamba la viazi kule Uporoto, watu sita watamaliza mapema kuliko wawili. Lakini Fuso moja ya kwenda Dar, hata ukiipakia madereva sita, haitafika mapema. Kutoa video ya harusi iliyokwisha kuhaririwa ni kuvuna viazi. AutoCAD, ile programu ya kuchorea ramani, wanafunzi wa uhandisi mnisikilize, kwa sehemu kubwa ni Fuso: inategemea kasi ya kiini kimoja. Kwa hiyo mwanafunzi anayekusanya fedha ya boom, ile ya mkopo wa chuo, ili anunue prosesa ya viini vingi vya zamani anajitesa bure.

Kwa fedha ya kati, kipimo changu ni viini sita na nyuzi kumi na mbili. Ukiweza kufika hapo, umetosheka kwa miaka kadhaa. Prosesa ninazozipenda ni tatu: Core i5-12400, Ryzen 5 5600, na Ryzen 5 5600G. Zote zina viini sita na nyuzi kumi na mbili, na zote zimeandikwa wati 65, ingawa hiyo ya Intel ikibanwa na kazi nzito huruhusiwa kupanda mpaka wati 117. Anayetumia UPS ndogo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, alikumbuke hilo.

Hapa kwenye herufi ya mwisho naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wanapolia. i5-12400 ina grafiki, sehemu inayotoa picha kwenye monita, ndani yake. i5-12400F haina. Zilipotoka, Intel ilizipangia bei zinazopishana dola 25 tu. Mtu anaona F ni rahisi, anainunua, anafika nyumbani Uyole, anawasha: feni zinazunguka, monita nyeusi. Sasa anatafuta kadi ya grafiki, na hata kadi dhaifu itameza akiba yote aliyoipata. Ryzen 5 5600 nayo haina grafiki ndani, 5600G inayo. Kwa AMD za mfululizo huo, G ndiyo unayoitafuta. Kwa Intel, F ndiyo unayoikimbia, isipokuwa tayari una kadi.

Ninyi wa video za send-off na kwaya, mimi ningewashauri 12400 isiyo na F. Ile grafiki yake ndogo ina sehemu maalumu ya kusoma na kuandika video, inaitwa Quick Sync, na Premiere Pro, programu ya kuhariri video, inaitumia. Video za H.265, zile zilizobanwa sana, zinazotoka kwenye simu na kamera za siku hizi zitakatika laini. Ukichukua F bila kadi nzuri, umeitupa sehemu hiyo.

Anayechukua 5600G aweke RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, mbili za GB 8, asiweke moja ya GB 16. Grafiki yake inaazima RAM ya kompyuta, na njia mbili zinaipa nguvu kubwa zaidi kuliko moja. Ni jambo dogo ambalo mafundi wengi tunaliruka.

Prosesa hainunuliwi peke yake. Inakuja na mazabodi, ubao mkuu inapochomekwa, na RAM. Ryzen za 5000 zinakaa kwenye soketi, tundu la prosesa, ya AM4 na zinatumia RAM ya aina ya DDR4, ambayo ya mtumba inapatikana. Soketi mpya ya AM5 iliyoanza 2022 inataka RAM ya DDR5 tu. Nzuri, ina mbele ndefu, lakini jumla yake kwa wengi wetu bado ni mzigo. 12400 inakubali zote mbili kutegemea mazabodi, kwa hiyo kabla hujalipa soma mazabodi yako imeandikwa nini.

Kuhusu baridi yetu: inapoza prosesa vizuri, sina ugomvi nayo. Ila ukinunua AM4 ya mtumba na kuifungua Juni asubuhi, ile dawa ya kupozea iliyo kati ya prosesa na chuma cha feni imeganda. Ukivuta chuma cha feni kwa nguvu, prosesa inang'oka nacho na miguu yake inapinda. Washa mashine kwanza ipate joto, zima, chomoa umeme, kisha zungusha chuma taratibu. Kwa Intel, miguu iko kwenye mazabodi, kwa hiyo unachokagua kwa tochi ni soketi.

Haya, mkono ule. Mama, karibu.

*Fundi, mwanangu, mimi nina Dell ya mtumba dukani, OptiPlex 7040 yenye i5-6500. Kijana mmoja kaniambia aniwekee i5-8500 ili niingize Windows 11. Nimpe hela?*

Usimpe, mama. Zote mbili soketi zake zinaitwa 1151, ndiyo maana anadhani itawezekana, lakini mazabodi ya kizazi cha 6 haiwashi prosesa ya kizazi cha 8. Na 6500 yenyewe haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa Intel za kawaida orodha inaanza kizazi cha 8. Windows 10 nayo, Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida, pamoja na marekebisho ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mashine hiyo ibaki ya kuchapa na kutoa kopi, iwekee SSD kama bado ina diski ya kuzunguka, na mambo ya benki na malipo usiyafanyie humo. Fedha uliyotaka kumpa huyo kijana anza kuiweka pembeni. Ikitosha, tafuta OptiPlex 7060 yenye hiyo 8500 ikiwa nzima. Kwa steshenari inatosha kabisa, huhitaji 12400. Ukiipata, nipigie kabla hujalipa, tuifungue CPU-Z, programu inayoonyesha prosesa iliyomo, tuone ndani ni nini hasa.