Majina Yasipotee Kati ya Hifadhidata na Datafremu

Mhadhara kwa wachambuzi wa data na waandishi wa programu, Mombasa

Hamjambo nyote. Mliovuka feri ya Likoni saa hizi kuja kusikiliza habari za majina ya safuwima, nawavulia kofia.

Nianze na jedwali ambalo wengi wenu mnalijua, hata kama kwenu lina jina jingine. Ni jedwali la makontena katika ofisi ya wakala wa forodha. Lilijengwa zamani, na safuwima zake zinaitwa `cntr_no`, `arr_dt`, `wt_g`, `wt_t`. Msiwacheke waliolijenga. Oracle, mfumo mmoja wa hifadhidata, kabla ya toleo la 12.2, haikukubali jina lililozidi baiti 30, na ukishazoea kubana majina unaendelea kubana hata pasipo na haja.

Sasa anakuja kijana wa leo, anaandika klasi yake, yaani maelezo ya jedwali ndani ya programu, kwa SQLAlchemy, ile maktaba ya Python ya kuzungumza na hifadhidata, iliyoanzishwa na Mike Bayer na kutolewa mwaka 2006. Anasema hivi:

`namba = mapped_column("cntr_no")`
`uzito_jumla = mapped_column("wt_g")`
`uzito_tupu = mapped_column("wt_t")`

Upande wa kulia ni jina la safuwima lilivyo kwenye jedwali, upande wa kushoto ni jina letu. Naomba mtazame hizo mbili za uzito. Uzito tupu ni wa kontena lenyewe, la chuma, bila kitu ndani. La futi 20 hupita tani mbili. Uzito wa jumla ni kontena pamoja na mzigo. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, zinataka uzito wa jumla uthibitishwe kabla kontena la mzigo halijapandishwa melini. Kwa hiyo aliyeandika `uzito_jumla` hakuwa akipamba. Aliuliza watu, akajua `g` ni nini na `t` ni nini, kisha akaiweka elimu hiyo mahali ambapo kila atakayefuata ataiona.

Kisha anaita `pd.read_sql(select(Kontena), injini)`, amri ya pandas, maktaba ya Python ya kuchambua data, anafungua datafremu, yaani jedwali la pandas, na anakutana tena na `wt_g` na `wt_t`. Kazi yote imerudi nyuma.

Wengi hulaumu pandas. Haina kosa. Hiyo amri huchukua swali, hulipeleka kwenye muunganisho, halafu huyauliza matokeo: safuwima zenu zinaitwaje? SQL iliyosafiri, yaani swali lililoandikwa kwa lugha ya hifadhidata, imeandikwa kwa majina ya jedwali, kwa sababu hayo ndiyo pekee hifadhidata inayoyafahamu. Jina `uzito_jumla` halikutoka kwenye Python hata mara moja, basi litarudije? Anayejua majina yote mawili ni klasi, na kwa njia hii klasi haikuulizwa wakati wa kurudi.

Dawa ya kwanza inayowajia watu ndiyo ninayoichukia kuliko zote: kuandika orodha ya majina kwa mkono na kuibandika kwenye `df.columns`. Ukikosea idadi, pandas itagoma, nawe utashukuru. Ila ukikosea mpangilio tu, haitasema neno. Mtu amehamisha mstari mmoja ndani ya klasi, au amepanga upya swali, na sasa uzito tupu unaitwa uzito wa jumla. Zote ni namba, zote ni kilo, hakuna kinacholia. Ripoti inachapishwa, inatiwa sahihi, inapelekwa. Wa kwanza kushtuka huenda akawa mtu wa bandarini anayejua kwa macho kwamba kontena la vigae haliwezi kuwa na kilo hizo.

Ya pili ni `rename` pamoja na kamusi ya jina la zamani na jipya. Hii ni afadhali, kwa kuwa haitegemei mpangilio. Lakini ina ukimya wake: jina la zamani lisipopatikana, `rename` hulipita bila kusema. Mkiitumia, wekeni `errors="raise"`. Na kamusi yenyewe msiiandike kwa mkono, kwa sababu tayari mnayo ndani ya klasi. Mkiandika ya pili, siku moja zitapingana.

Njia ninayoipendelea ni kuyafanya majina yetu yasafiri. Ukisema `Kontena.uzito_jumla.label("uzito_jumla")`, SQL itakayotoka itabeba `AS uzito_jumla`, na hifadhidata itarudisha jina hilo hilo. Kwa safuwima nne andika tu. Kwa arobaini, iache klasi ijieleze:

`[getattr(Kontena, a.key).label(a.key) for a in inspect(Kontena).column_attrs]`

Orodha hiyo ipelekeni ndani ya `select` kwa kutanguliza nyota (`*`). Baada ya hapo `read_sql` inaendelea na kazi zake zote kama kawaida, pamoja na `chunksize` mnapovuta data kubwa vipande vipande. Hakuna cha kukumbuka baadaye. Akiongeza mtu safuwima kwenye klasi, nayo itakuja na jina lake.

Ipo na njia ya sesheni. Ukitekeleza `select(Kontena.namba, Kontena.uzito_jumla)` kupitia sesheni ya ORM, ile sehemu ya SQLAlchemy inayozijua klasi zako, na si muunganisho mtupu, mistari inarudi na majina ya klasi, nawe unaijengea datafremu kwa `pd.DataFrame`. Angalieni mambo matatu. Ukichagua `Kontena` nzima, kila mstari utakuwa na kitu kimoja tu, yaani Kontena lenyewe, na datafremu yako itakuwa kichekesho. Pili, swali lisiporudisha mstari wowote, pandas haina pa kusoma majina, utapata datafremu isiyo na safuwima hata moja; kwa hiyo ipe pandas mwenyewe `columns=list(matokeo.keys())`. Tatu, fedha. `read_sql` kwa kawaida hugeuza Decimal, aina ya namba inayotunza desimali bila kukadiria, kuwa namba za nukta zinazoelea, ambazo hukadiria, ilhali ukijenga datafremu moja kwa moja kutoka kwenye mistari, Decimal hubaki Decimal. Kwa hesabu za ushuru mimi naona hilo ni jambo jema, ingawa hujumlisha polepole.

Nilisikia swali huku mbele. Dada anauliza: je, nikiunganisha makontena na meli, na yote mawili yana `id`?

Swali zuri, na wengi limewauma. Tangu SQLAlchemy 1.4, `select` huipa ya pili jina `id_1`. Hakuna linalogongana, lakini baada ya mwezi nani atakumbuka `id_1` ni ya meli? Ukiandika SQL tupu, zote mbili zinaweza kurudi kwa jina `id`, na pandas itazipokea bila kinyongo. Kisha `df["id"]` inakupa datafremu yenye safuwima mbili mahali ulipotarajia safuwima moja. Katika ile orodha ya lebo, tanguliza jina la klasi: `meli_id`, `kontena_id`.

Na ndugu aliye karibu na dirisha anasema kwao wanatumia SQL tupu kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, wameandika `AS UzitoJumla`, na datafremu inaonyesha `uzitojumla`. Ndivyo PostgreSQL ilivyo: jina lisilofungwa kwa alama mbili za nukuu hushushwa lote kuwa herufi ndogo. Lifungeni kwa nukuu, au tumieni herufi ndogo na mstari wa chini tangu mwanzo, kwa sababu ukishafunga mara moja itabidi ufunge kila mahali unapolitaja.