Jinsi ya Kuichunguza Kampuni kwa Nyaraka Zilizo Wazi: Kutoka BRELA hadi London

Habari, karibu. Leo tunaichimba kampuni. Hatudukui akaunti ya mtu, wala hatumtafuti "mtu wa ndani" atuvujishie siri. Tunatumia nyaraka ambazo sheria imeilazimisha kampuni yenyewe iziweke wazi. Simu yenye bando inatosha kuanzia, ila ukipata kompyuta ni afadhali, maana kuna mafaili ya kurasa mia mbili humu na macho yako unayahitaji.

Kabla hujabofya chochote, shika jambo moja. Kampuni hiyohiyo huongea na watu mbalimbali kwa sauti mbalimbali. Kwenye bango la barabarani inajali jamii. Kwa wanahisa inatengeneza faida. Kwa TRA, mwaka umekuwa mgumu. Kazi yetu ni kuziweka sauti hizo meza moja. Na tunaanzia pale ambapo uongo unaiponza kampuni: kwa msajili, soko la hisa, mahakamani. Tovuti yao yenye picha za watoto wanaokunywa maji ya bomba tutaipitia tukipata nafasi.

Mfano wetu ni African Barrick Gold, kampuni ya dhahabu iliyobadili jina mwaka 2014 ikawa Acacia Mining, kisha mwaka 2019 ikanunuliwa yote na Barrick ya Kanada. Nimeichagua kwa kuwa nyaraka zake ni nyingi na sehemu ya ugomvi wake imeshaamuliwa mahakamani, kwa hiyo hatubahatishi.

Hatua ya kwanza ni jina kamili. Ukienda Nyamongo, wilaya ya Tarime, kwenye mmoja wa migodi yake, watu watakwambia "mgodi" au "Barrick", basi. Lakini kwenye makaratasi anayeendesha shughuli pale ni North Mara Gold Mine Limited. Usipokuwa na jina hilo herufi kwa herufi, utahangaika. Kwa biashara ya kawaida mjini, angalia risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi: ina jina na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Angalia na leseni iliyotundikwa ukutani. Jina la kwenye bango mara nyingi ni jina la biashara tu, na mwenye kampuni anaitwa kingine kabisa.

Hatua ya pili, BRELA, msajili wa kampuni wa Tanzania Bara. Fungua mfumo wao wa usajili kwa njia ya mtandao, andika jina, uone kama kampuni ipo na namba yake ya usajili. Ukitaka kwenda ndani, yaani wakurugenzi, wanahisa na hisa zao, omba upekuzi rasmi na ulipie ada. Lipia. Majibu hayo ndiyo utakayoweza kuyasimamia ukiulizwa. Ukikosa kampuni, usikimbilie kusema ni hewa: huenda imesajiliwa Zanzibar, na kule msajili ni BPRA.

Ukishapata orodha ya wanahisa, tazama kama kuna mwanahisa ambaye si binadamu. Hapo ndipo penye mambo. Ukiona hisa zinashikiliwa na kampuni ya nje, andika jina lake na nchi yake, kisha mfuate. Na tahadhari: Juma Hassan wa BRELA si lazima awe Juma Hassan unayemjua wewe. Majina yanafanana. Usimtaje mtu mpaka kitu cha pili kimethibitisha ni yeye.

Hatua ya tatu, tunapanda ngazi hadi kampuni mama. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na watu wengi huiruka wakidhani nyaraka za Ulaya ni za wenye pesa. Kampuni ya mfano wetu ilisajiliwa Uingereza, na msajili wa huko anaitwa Companies House, na kusoma mafaili yake ni bure. Andika Acacia Mining kwenye kisanduku cha kutafutia. Zinakuja taarifa za miaka yote, pamoja na zile za enzi za African Barrick Gold. Pakua taarifa ya mwaka mmoja. Kurasa za mbele zenye picha, pita. Barua ya mwenyekiti, pita. Nenda nyuma kabisa kwenye maelezo ya hesabu, yale ya maandishi madogo yasiyosomwa na mtu. Mkaguzi wa hesabu huyapitia, na mwekezaji aliyedanganywa anaweza kushtaki, ndiyo maana lugha yake hubadilika ghafla.

Bonyeza Ctrl+F, utafute maneno matatu kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya faili: "subsidiaries" upate orodha ya kampuni tanzu, yaani zinazomilikiwa na hiyo mama, "dividend" upate gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa, na "contingent" upate kesi na madai ambayo huenda yakaigharimu kampuni. Kwenye taarifa ya Acacia ya mwaka 2017 utakutana na ile bili ya kodi ya TRA ya takriban dola bilioni 190, ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, iliyotokana na sakata la makinikia, ule mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje. Huku mitaani tulikuwa tunabishana kwa vichwa vya habari. Ndani ya faili kampuni inaeleza madai ni ya miaka ipi na inayapinga kwa hoja gani. Mwisho wake unaujua: Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300, ikaundwa kampuni ya ubia, Twiga Minerals, serikali ikapata asilimia 16 ya hisa.

Sasa rudi kwenye lile neno gawio, kisha tuingie hatua ya nne, mahakamani. Fungua TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu, zote pale ni bure. Tafuta African Barrick Gold dhidi ya Kamishna Mkuu wa TRA, hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 2020. TRA ilidai kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla malipo hayajamfikia mlipwaji, ya dola milioni 41.25 kwenye gawio la miaka ya 2010 hadi 2013. Kampuni ikajitetea kwamba imesajiliwa Uingereza na kikodi si mkazi wa Tanzania. Ilishindwa, na rufaa yake ikatupwa. Migodi yake yote iliyokuwa ikizalisha ilikuwa hapa nchini. Na hilo gawio halikuwa siri ya mtu: lipo kwenye mafaili uliyoyapakua dakika tano zilizopita.

Hukumu ina faida nyingine. Pande zote mbili zimebanwa zieleze mambo yao, kwa hiyo utakuta mikataba, tarehe na mpangilio wa kampuni ambao usingeupata popote. Isome hata kama aliyeshinda siye uliyemtarajia.

Hatua ya tano, linganisha malipo. Tanzania ina TEITI, mpango wa uwazi kwenye madini, mafuta na gesi, na sheria yake ya mwaka 2015. Ripoti zake zinaweka ilichosema kampuni imelipa kando ya ilichosema serikali imepokea. Upande wa Kanada, sheria ya ESTMA inazitaka kampuni za madini zitangaze malipo kwa serikali, mradi kwa mradi, kila mwaka. Weka ripoti mbili ubavu kwa ubavu. Lakini ukiona tofauti usirukie Instagram kupiga kelele! Mwaka wa fedha wa serikali yetu unaanza Julai, wa Barrick unaanza Januari. Hapo hujagusa shilingi na dola. Tofauti ya kalenda si wizi. Inayobaki baada ya kusawazisha hayo ndiyo ya kuuliza.

Kwa kampuni zinazofanya kazi na serikali, ongeza ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ambazo hufika bungeni kila Aprili, na mfumo wa zabuni wa NeST.

Kila unachokipata, pakua faili lenyewe, andika tarehe uliyolitoa, na kurasa za tovuti zihifadhi kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa. Kurasa hupotea, hasa baada ya mtu kuanza kuuliza maswali.

Hatua ya mwisho ni barua, na zinakuwa mbili. Ya kwanza kwa ofisi ya umma yenye nyaraka usiyoipata, mfano ripoti ya tathmini ya mazingira iliyoko NEMC, baraza la taifa la mazingira. Taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayowapa siku 30 za kukujibu. Omba hati moja kwa jina lake. Ukiandika "naomba taarifa zote kuhusu mgodi" umewapa sababu ya kukuzungusha.

Ya pili kwa kampuni yenyewe, kabla hujachapisha chochote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina adhabu kwa taarifa za uongo, lakini hata isingekuwepo ningekwambia uandike. Usiwatuhumu. Andika hivi: "Ukurasa fulani wa taarifa yenu ya mwaka fulani unasema hivi, ripoti ya TEITI inasema vile. Tunaomba maelezo ndani ya siku 14." Saini, ambatisha kurasa zote mbili, tuma kwa barua pepe na nakala ya karatasi ofisini kwao, na uhakikishe wa mapokezi amegonga muhuri kwenye nakala yako.