Nimeugua mara tatu tangu Novemba, sasa nahesabu saa

Assalaam alaykum, hamjambo nyote. Sauti bado inakwaruza, nivumilieni. Wiki saba sikuweka video, na wengi mmeniandikia kuuliza kama nimerudi Mombasa. Sikurudi. Niko palepale Leipzig, Ujerumani, chumba kilekile, dirisha lilelile. Nilikuwa naumwa. Nikapona, nikaumwa tena, nikapona nusu, nikaumwa tena.

Kwa wageni: niko mwaka wa pili wa Ausbildung ya uuguzi, yale mafunzo ya miaka mitatu ambayo unasoma, unafanya kazi za zamu, na unalipwa. Tangu Kenya na Ujerumani zitiliane saini mkataba wa uhamiaji Septemba 2024, maswali yenu ni viza, ni Kijerumani cha kiwango cha B2, ni mshahara. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Na ukiugua je?" Hata mimi sikuuliza kabla ya kupanda ndege. Leo najibu swali ambalo hamjaliuliza.

Novemba nilikuwa kwenye nyumba ya wazee kwa mafunzo ya vitendo. Wakaingia virusi vya noro. Mzee mmoja alitapika Jumatatu usiku, na kufika Jumatano ghorofa nzima ilikuwa inaharisha, wauguzi na wazee. Ile dawa ya kawaida ya kupaka mikononi tuliyoizoea tangu korona haivimalizi vizuri virusi hivi. Unanawa kwa sabuni na maji, na mikono unaipaka dawa maalumu. Alhamisi ikawa zamu yangu kulala sakafuni msalani. Kutapika kulikwisha siku ya tatu, lakini huruhusiwi kurudi kazini hapo hapo. Unangoja saa 48 baada ya dalili kwisha, maana bado unaweza kumwambukiza mzee wa miaka 90 ambaye mwili wake hauna tena nguvu ya kupambana. Zikaenda siku tano za kazi.

Disemba tuliingia darasani. Kikohozi kikaanza kama mchezo, kikashuka kifuani, daktari akasema ni mkamba, akaniandikia siku nane za masomo nipumzike.

Hapa ndipo nilipokosea, na nataka mnisikilize vizuri. Kila Jumamosi na Jumapili nina kazi nyingine, duka la mikate. Kisheria mwanafunzi wa mafunzo kama yangu anaruhusiwa mpaka saa 20 za kazi ya pembeni kwa wiki. Pesa hiyo ndiyo ada ya mdogo wangu. Januari shule zinafunguliwa. Basi mimi, mwenye cheti cha daktari kinachosema siwezi kufanya kazi, niliamka saa kumi alfajiri Jumamosi ile na Jumapili yake nikaenda kupanga mikate huku nakohoa mpaka mbavu zinauma. Ningeonekana, mkataba wa mafunzo ungeweza kuvunjwa, na kibali changu cha kukaa nchini kimefungwa na mkataba huo. Na nilikuwa nagusa chakula cha watu. Mpaka leo nikikumbuka nasikia aibu.

Hakuna aliyenikamata, ila mwili ulinilipisha. Januari, wiki ya kwanza kurudi kwa wazee, nikapata influenza, ile yenyewe. Nyuzi 39 na nusu, mifupa kama imepigwa mchi. Chanjo yake ilitolewa bure kazini tangu Oktoba. Inapendekezwa hasa kwa sisi wa hospitali na nyumba za wazee. Sikwenda kuchanjwa. Siku ya chanjo nilikuwa natoka zamu ya usiku, nikaona kulala ni bora. Siku saba za kazi zikaishia kitandani.

Usiku wa tatu nikampigia mama. Nilikuwa nimemficha tangu Novemba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Sauti hiyo ya nani?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Waumwa miezi mitatu nawe waniambia hujambo?" Nikamwambia, mama, ada. Akasema mdogo wako ana baba mdogo hapa, ana mimi, na ana mikono yake. Wewe huko una nani wa kukupikia uji? Nikalia, kwa sababu jibu ni kwamba sina. Asubuhi yake jirani yangu, bibi mmoja Mjerumani tunayesalimiana tu kwenye ngazi, alinisikia nikikohoa ng'ambo ya ukuta. Akaniwekea mlangoni sufuria ya supu ya kuku na majani ya taimu, nichemshe ninywe kwa asali. Kwetu ningejifukiza kwa mkaratusi. Nilikunywa hiyo taimu kana kwamba kaituma mama.

Sasa hesabu, kwa nyinyi mnaokuja. Mafunzo haya ni saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo. Ukiugua unasamehewa asilimia 10 ya kila upande, yaani saa 210 na saa 250 kwa miaka yote mitatu. Mimi darasani nimepoteza siku nane, saa 64, bado nina nafasi. Vitendo nimepoteza siku 12, kila siku saa 7.7, jumla saa 92.4. Utasema bado ziko nyingi. Hapana. Kila kituo cha lazima cha mafunzo ya vitendo kina mpaka wake: huruhusiwi kukosa zaidi ya robo ya saa zake. Nyumba ya wazee ni saa 400, robo yake ni 100. Nimebakiwa na saa 7.6. Hiyo haitoshi hata zamu moja. Nikikosa siku moja tu zaidi kabla sijamaliza hapa, saa hizo itabidi nizifidie, na pengine mafunzo yarefuke. Hakuna aliyetuhesabia haya siku ya kwanza. Hesabu mwenyewe, andika kwenye daftari, tangu mafua ya kwanza.

Mshahara haukukatwa. Sheria inampa kila mwajiriwa wiki sita za mshahara kamili kwa ugonjwa, ila wiki nne za kwanza kabisa za ajira, haki hiyo haijaanza, kwa hiyo mwezi wa kwanza uwe na akiba. Mjulishe mwajiri asubuhi hiyo hiyo kabla zamu haijaanza, usingoje cheti. Cheti siku hizi daktari anakituma kwa bima kwa njia ya mtandao, na daktari akishakujua anaweza kukuandikia mpaka siku tano kwa simu tu. Usiku na wikendi piga 116117, namba ya madaktari wa zamu. Basi tafuta daktari wa familia ukiwa mzima, kwa sababu ukiwa na homa, huku Kijerumani nacho kinakukimbia, hutampata.

Kuna msimamizi mmoja, nikiripoti mara ya tatu, aliniuliza, "Tena?" Neno moja. Liliniuma kuliko mbavu. Najua wengi wetu tunaficha ugonjwa kwa kuogopa neno hilo, tunaogopa tutaambiwa Waafrika wavivu, tunaogopa kibali. Lakini mimi nilimjibu: ndiyo, tena, na cheti kimeshafika. Hakusema zaidi.

Duka la mikate nimeomba ruhusa mpaka Aprili. Ada, nusu nitatuma mimi, nusu baba mdogo. Mdogo wangu mwenyewe kaniandikia, "Dada, lala." Nimeihifadhi hiyo meseji.

Mnaona nje? Jua linazama na saa kumi na moja bado. Disemba lilikuwa linazama saa kumi, na linachomoza saa mbili unapokuwa umeshaingia kazini. Kuanzia Oktoba mpaka Machi jua la huku halitoshi ngozi kutengeneza vitamini D. Daktari kanipima, kanipa vidonge.

Kesho naingia zamu ya saa kumi na mbili asubuhi. Kuna bibi mmoja pale hali mpaka nimkatie mkate vipande vidogo, akaniuliza wiki jana nilikuwa wapi. Barakoa iko mfukoni mwa koti, uji nimeuweka kwenye chupa. Nawaaga mapema, nilale saa mbili usiku.