Wapiga Fidla wa Shetland Hawakula kwa Fidla

Ndugu zangu, mwaka 1861 visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskochi, vilikuwa na watu zaidi ya 31,000. Wanaume wengi walikuwa wavuvi na wakulima kwa pamoja, wapangaji kwenye ardhi ya bwana, na mara nyingi bwana huyohuyo ndiye aliyenunua samaki wao kwa bei aitakayo. Muziki haukumlisha mtu.

Basi tukiwaita wapiga fidla wao wanamuziki wa ridhaa, tusiwadharau. Mpiga fidla ndiye aliyetangulia msafara wa harusi kwenda kanisani, na usiku ndiye aliyewachezesha watu mpaka kuche. Chumba kimejaa, viatu vinagonga sakafu, naye yuko peke yake. Atasikikaje? Hapo ndipo ninapowastahi kweli. Walizikaza nyuzi mbili nene, kila mmoja ukapanda hatua moja ya sauti, kisha wakapitisha upinde kwenye nyuzi mbili kwa mpigo: mmoja unabeba wimbo, mwenzake unavuma wazi bila kuguswa na kidole. Mtu mmoja akajaza nyumba.

Na msidhani bahari iliwatenga. Meli za nyangumi kutoka Hull, Dundee na Peterhead zilipita Lerwick, bandari kuu ya visiwa hivyo, kuchukua mabaharia kabla ya kuelekea Greenland, na vijana walirudi na nyimbo mpya. Huko Unst, kisiwa cha mwisho chenye watu upande wa kaskazini, alivuma mpiga fidla Friedemann Stickle. Inasimuliwa kuwa ukoo wake ulianza na baharia Mjerumani aliyevunjikiwa na meli. Nyimbo nyingine, walisema wazee, zilitoka kwa trow, viumbe wa vilimani wanaopenda fidla kupita kiasi hata wakawa wanawachukua wapigaji wakawapigie chini ya ardhi.

Nyimbo zilipita kwa sikio, zikakaa vichwani. Julai 1881 dhoruba moja iliua wavuvi 58 wakiwa katika mashua zao za wazi, wengi wao wa kisiwa cha Yell. Kila nikiitaja idadi hiyo nawaza pia nyimbo zilizozama nao, na inaniuma.

Zilizobaki zilishikwa na watoto na wajukuu. Karne iliyofuata, Tom Anderson, wakala wa bima aliyezunguka visiwani kikazi, aliwarekodi wazee, na miaka ya 1970 akaanza kufundisha fidla shuleni. Hata kabla ya hapo, miongoni mwa waliojifunza kwake alikuwamo Aly Bain wa Lerwick, ambaye yeye fidla ndiyo ikawa kazi yake.